Moyo Bandia kama Daraja: Namna Familia ya Kisumu Inavyoweza Kujiandaa Kungojea Moyo wa Kupandikizwa

Mzee mmoja wa Ahero alifika katika kliniki ya moyo hapa Kisumu akiwa amevimba miguu hadi magotini. Nilipobonyeza muundi wake kwa kidole gumba, shimo lilibaki pale kama alama kwenye ugali uliopoa, na mkewe akanieleza kwamba usiku mumewe hulala ameegemea mito mitatu, kwa sababu akilala chali huhisi anazama. Daktari bingwa alimweleza kwa utulivu kwamba vidonge vimefika mwisho wa uwezo wake, kwamba tiba iliyobaki ni kupandikizwa moyo wa mtu mwingine, na kwamba wakati akiungojea moyo huo anaweza kusaidiwa na mashine. Mzee alinyamaza kitambo, kisha akanigeukia mimi. "Sista, hicho kitu kikizima usiku, nani anakiwasha?"

Nimewahudumia wagonjwa wa moyo kwa miaka mingi, na sijasikia swali lililo bora kuliko hilo. Familia nyingi huuliza bei, huuliza nchi, huuliza jina la daktari, lakini haziulizi maisha yatakuwaje kati ya siku ya kuwekewa mashine na siku ya kupata moyo. Kipindi hicho kinaweza kuwa wiki chache au zaidi ya mwaka mzima, na ndicho ninachokusudia kukieleza hapa.

Jueni kwanza ni mashine ipi

Jina "moyo bandia" hutumiwa na watu kwa vitu viwili vilivyo tofauti sana, kwa hiyo msiondoke kwa daktari kabla hamjajua ni kipi kinachozungumzwa. Cha kwanza ni pampu ya kusaidia moyo. Pampu hii hushonwa kwenye ncha ya ventrikali ya kushoto, yaani chumba kinachosukuma damu kwenda mwilini, ikavuta damu kutoka humo na kuipeleka katika aota, ule mshipa mkuu, huku moyo wa mgonjwa mwenyewe ukibaki mahali pake. Cha pili ndicho moyo bandia kamili: daktari mpasuaji huondoa ventrikali zote mbili pamoja na vali zote nne, yaani milango ya damu ya moyo, huacha vyumba viwili vya juu, kisha hushona mashine katika nafasi iliyobaki.

Pampu humfaa mtu ambaye upande wa kushoto wa moyo umechoka lakini wa kulia bado unaweza kufanya kazi yake. Moyo bandia kamili huwekwa pale ambapo pande zote mbili zimeshindwa, na kifua cha mgonjwa sharti kiwe na nafasi ya kutosha, jambo linalowaweka kando wanawake wengi wenye umbo dogo na karibu watoto wote. Kwa watoto kuna pampu za aina nyingine, kama ile ya Berlin Heart, ambayo hukaa nje ya mwili. Tofauti inayogusa swali la mzee wetu ni hii: pampu ya kusaidia ikisimama, moyo wa mgonjwa ungali ndani na unaweza kusukuma damu kidogo wakati msaada unatafutwa, lakini moyo bandia kamili ukisimama, hakuna moyo wa akiba nyuma yake. Ndiyo maana mtu mwenye moyo bandia kamili wa SynCardia hutembea na mashine ya hewa inayouendesha, yenye uzito wa kilo 6 hivi, na mashine ya pili ya akiba haikai mbali naye.

Wazo la kuutumia moyo bandia kama daraja si geni. Tarehe 4 Aprili 1969, huko Houston, Marekani, daktari mpasuaji Denton Cooley alimwekea mgonjwa moyo wa mashine ulioendesha damu kwa saa 64 hadi ukapatikana moyo wa binadamu, ingawa mgonjwa hakuishi hata siku mbili baada ya upasuaji wa pili. Moyo wa Jarvik-7, aliowekewa Barney Clark mwezi Desemba 1982 akaishi siku 112, ulikusudiwa kuwa wa kudumu. Lakini kuanzia mwaka 1985 madaktari wa Arizona waliutumia kwa mafanikio kama njia ya kuvukia, na mrithi wake, SynCardia, uliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa kazi hiyo. Katika utafiti uliotangulia idhini hiyo, asilimia 79 ya waliowekewa walifika kwenye upandikizaji wakiwa hai, dhidi ya asilimia 46 ya wagonjwa waliolinganishwa nao ambao hawakuwekewa. Siku hizi kuna Aeson wa Ufaransa, ulioruhusiwa Ulaya mwishoni mwa 2020, na BiVACOR wa titani, wenye kisukumio kimoja kinachoelea kwa nguvu za sumaku, uliowekwa kwa mara ya kwanza ndani ya binadamu mwezi Julai 2024. Mgonjwa mmoja wa Sydney alikaa na BiVACOR kwa zaidi ya siku 100, sehemu ya muda huo akiwa nje ya hospitali, hadi akapata moyo mwezi Machi 2025. Habari hizi zinatia moyo, lakini mgonjwa anayetoka kwetu ana uwezekano mkubwa zaidi wa kupewa pampu ya kusaidia, na hasa HeartMate 3. Kwa hiyo mengi nitakayoeleza chini yanahusu pampu hiyo.

Angalieni ng'ambo kabla ya kukanyaga daraja

Kabla ya hayo yote, hakikisheni kwamba njia za karibu zimekwisha. Mama aliyeshindwa na moyo katika wiki za mwisho za ujauzito au miezi ya kwanza baada ya kujifungua anaweza kupona kwa dawa, na moyo wake ukarudi karibu na hali ya kawaida katika miezi kadhaa. Kijana ambaye vali zake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi huenda anahitaji vali tu, na upasuaji huo hufanyika Tenwek kule Bomet na katika Hospitali ya Moi, Eldoret. Nimewaona watu waliokuja wakiulizia moyo bandia kumbe hawajawahi kumeza dawa zao kwa mwezi mmoja mfululizo. Ombeni kipimo cha eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, kirudiwe baada ya miezi mitatu ya dawa kamili, na muulize kwa maneno ya wazi: kuna tiba gani ambayo hatujaijaribu?

Ikithibitika kwamba imebaki kupandikizwa tu, ulizeni moyo wenyewe utatoka wapi. Hapa Kenya figo hupandikizwa, Eldoret ikiwemo, lakini moyo bado, kwa hiyo familia hutazama India au Afrika Kusini, ambako ndiko upandikizaji wa kwanza wa moyo wa binadamu ulikofanyika, Cape Town, tarehe 3 Desemba 1967. Moyo hutolewa kwa mtu ambaye ubongo wake umekufa, sharti ulingane na mgonjwa kwa kundi la damu na kwa ukubwa wa mwili, na kwa njia ya kawaida ya kuuhifadhi katika barafu unapaswa kuwa umeshashonwa kifuani mwa mpokeaji katika muda wa saa 4 hivi. Hesabu hiyo ina maana nzito kwa mtu wa Kisumu: hawezi kungojea moyo wa Chennai kule India akiwa Nyalenda hapa Kisumu. Aliye kwenye orodha hai ya wanaosubiri hupanga nyumba karibu na hospitali, simu ikiwa wazi usiku na mchana.

Kanuni za India humpa raia nafasi ya kwanza, na mgeni hufikiriwa pale tu ambapo hakuna raia anayefaa kwa moyo uliopatikana. Kwa hiyo swali la kuiandikia hospitali ni hili, na mdai jibu la maandishi: katika miaka miwili iliyopita ni wageni wangapi wa kundi la damu la mgonjwa wetu waliopandikizwa moyo hapo, na walingoja kwa muda gani? Ongezeni lingine: mgonjwa akikosa moyo, je, pampu hii anaweza kuishi nayo kwa miaka, na ni nani atakayeihudumia akirudi nyumbani? Hospitali inayojibu kwa kutuma picha za jengo lake na bei ya hoteli haijajibu.

Hapa niseme jambo linaloniudhi. Wakala mmoja aliwahi kumwahidi ndugu yangu wa ukoo kwamba akilipa amana angepata "nafasi ya mbele" kwenye orodha ya India. Hakuna nafasi ya mbele inayouzwa kihalali. Sheria ya India ya viungo, ya mwaka 1994, inakataza biashara hiyo, na anayenunua huwa na hatia sawa na anayeuza. Amana ile haikurudi.

Ziko pia hali ambazo pampu huwekwa kwanza ili mgonjwa afikie kustahili kupandikizwa. Moyo ulioshindwa kwa muda mrefu hupandisha shinikizo la damu katika mishipa ya mapafu, na moyo mpya uliozoea mapafu ya mtu mwenye afya unaweza kushindwa nalo siku ileile ya upasuaji. Pampu ikifanya kazi kwa miezi kadhaa, shinikizo hilo mara nyingi hushuka. Mgonjwa wa namna hii hayuko bado kwenye orodha hai, na ndiye anayeweza kuruhusiwa kurudi nyumbani kwa muda, iwapo nyumba hiyo imeandaliwa.

Vipimo, meno na damu

Vipimo vingi vya mwanzo hufanyika hapahapa kwa gharama nafuu kuliko ng'ambo: figo, ini, mapafu, kundi la damu, homa ya ini aina ya B na C, virusi vya ukimwi na kifua kikuu. Hicho cha mwisho msikipuuze, kwa sababu dawa anazomeza aliyepandikizwa hushusha kinga ya mwili, na kifua kikuu kilicholala huamka. Tena rifampisini inayokitibu huvuruga warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kabla ya kupandikizwa, na huvuruga takrolimasi, dawa ya kuuzuia mwili usiukatae moyo mpya, baadaye, hivyo ni heri kimalizwe mapema. Mpelekeni mgonjwa kwa daktari wa meno kabla ya safari, kwani jino lililooza ni mlango wa vijidudu kuingia kwenye damu inayopita katika mashine.

Kuhusu damu, kuna jambo ambalo wengi hawaambiwi. Kila mara mtu anapoongezewa damu, mwili wake unaweza kutengeneza kinga dhidi ya chembe za watu wengine, na kinga hizo hupunguza idadi ya mioyo inayoweza kumfaa. Mimba hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo mama aliyezaa watoto sita anaweza kusubiri muda mrefu kuliko mumewe. Daktari akisema damu inahitajika kuokoa maisha, itolewe bila kusita. Lakini ikipendekezwa ili mgonjwa "apate nguvu" tu, mwambieni daktari kwamba mgonjwa yuko njiani kupandikizwa, ili afikirie upya.

Pesa zitazamwe hadi mwisho

Pampu yenyewe, kabla ya upasuaji, ni mamilioni ya shilingi. SHA, bima ya afya ya taifa iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi Oktoba 2024, iulizwe mapema na kwa maandishi italipa nini na kwa idhini ipi, kwa sababu idhini hutafutwa kabla ya kupanda ndege. Harambee nyingi nilizohudhuria zilikusanya nauli na gharama ya upasuaji, zikasahau kodi ya miezi sita ya nyumba ya ugenini, chakula cha mlezi, bendeji, na dawa za maisha yote baada ya kupandikizwa. Mweka hazina wa kamati afungue safu ya gharama hizo tangu siku ya kwanza, hata kama zitawatisha wachangiaji.

Stima

Sasa turudi kwa mzee. Pampu iliyo kifuani huunganishwa na waya mmoja unaotoka kwenye ngozi ya tumbo hadi kwenye kidhibiti kidogo kinachofungwa kiunoni, na kidhibiti hicho kina nyaya mbili za umeme, moja nyeupe na nyingine nyeusi. Mchana kila waya huingia kwenye betri. Jozi ya betri zilizojaa na zisizochakaa huweza kumaliza siku ya kazi. Usiku mgonjwa huunganishwa na stima ya ukutani, kwa sababu aliyelala fofofo anaweza asisikie kengele ya betri inayokwisha. Ndani ya kidhibiti mna betri ndogo ya dharura inayodumu dakika 15 hivi, na dakika hizo ni za kutafutia umeme mwingine.

Kwa hiyo mwiteni fundi wa umeme mwenye leseni, akague soketi ya chumba anacholala mgonjwa na kuhakikisha waya wa ethi upo na umefika ardhini. Soketi hiyo isizimwe na swichi ya taa, isishirikiwe na friji, na mashine isichomekwe kwenye ekstensheni. Kama mita ni ya tokeni, wekeni kiwango ambacho salio lisishuke chini yake, na mmoja wenu awe na kazi ya kulitazama kila jioni. Iandikieni kampuni ya umeme kuieleza kwamba nyumbani kuna mashine ya uhai, lakini msiegemee barua hiyo. Stima ya Nyando wakati wa mvua za masika mnaijua wenyewe. Nunueni inveta yenye betri yake au jenereta, muulize watengenezaji wa pampu kama umeme wake unakubalika, na muijaribu kila wiki. Betri za pampu zisizotumika zikae kwenye chaja, mbali na jua na mbali na jikoni.

Kanuni moja izidi nyingine zote: nyaya mbili zisitolewe kwa wakati mmoja kamwe. Mkewe mzee alitaka kujua kama mjukuu wao wa kidato cha pili angeweza kufundishwa, kwa kuwa ndiye anayelala chumba cha jirani. Nilifunga chaja mbili za simu kwenye mgongo wa kiti, moja nyeupe na moja nyeusi, nikamfunika macho kwa leso, nikamwambia abadilishe zote mbili bila kugusa ya pili kabla ya kuhisi ya kwanza imekaa. Mara ya kwanza alizing'oa zote kwa pamoja kwa haraka ya kunionyesha ustadi. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu alipunguza pumzi, akapapasa, akasubiri mlio mdogo, ndipo akahamia nyingine. Bibi yake akasema, "Rudia." Akarudia mara kumi. Fanyeni zoezi hilo usiku, taa zikiwa zimezimwa, hadi mikono iwe inajua yenyewe, na wawe watu wawili wanaojua, kwa sababu mmoja atasafiri kwenda matanga.

Kidonda, homa, dawa na mboga

Mahali ambapo waya hutokea tumboni ni kidonda kisichofunga kabisa, na ndipo maambukizi hupenya. Anayekifunga avae barakoa, anawe mikono kwa sabuni, avae glavu safi, akisafishe kwa dawa aliyoelekezwa na hospitali, kisha aufunge waya kwa mkanda mwilini ili usivutwe na mlango wala na mtoto. Mgonjwa asiogelee ziwani, asiingie mtoni, na asioge kwa maji ya kumwaga hadi aruhusiwe na apewe mfuko maalumu wa kufunika vifaa. Bodaboda aiache: akianguka kifua na waya viko hatarini, na damu yake haigandi upesi.

Kwa wenyeji wa kandokando ya ziwa, homa ni malaria mpaka ithibitishwe vingine. Kwa mtu mwenye pampu mazoea hayo ni hatari. Apimwe malaria, naam, lakini siku hiyohiyo kidonda kifunuliwe na kutazamwa kama kuna wekundu, usaha au harufu, na damu ichukuliwe kuoteshwa vijidudu kabla ya kupewa antibayotiki.

Damu inayopita kwenye chuma hupenda kuganda, na ndiyo sababu mgonjwa humeza warfarini, akipimwa INR, kipimo cha jinsi damu inavyochelewa kuganda, mara kwa mara ili ikae, kwa kawaida, kati ya 2 na 3. Ikishuka, donge linaweza kuziba pampu au kuleta kiharusi. Ikipanda, anaweza kuvuja damu tumboni au kichwani. Dawa zinazouzwa kwenye duka la dawa bila maswali ndizo zinazoivuruga zaidi: Flagyl na Septrin huipandisha, na diklofenaki au brufeni huongeza hatari ya kuvuja damu. Mitishamba iwekwe kando, hata ile iliyomsaidia shangazi. Mboga za majani hazikatazwi, kwa kuwa sukuma wiki, osuga, dek na kunde ni chakula chetu. Kinachotakiwa ni kiasi kilekile kila wiki, kwa sababu vitamini K iliyomo hupambana na warfarini, na anayekula mboga siku saba kisha akahamia nyama na ugali wiki nzima atamkuta muuguzi wake akishangaa majibu ya maabara.

Atembee kila siku, ale protini ya kutosha, samaki wakiwemo, na apime uzito kila asubuhi kabla ya chai. Mashine humpa mwili nafasi ya kujenga misuli iliyoliwa na ugonjwa, na anayeingia chumba cha upasuaji akiwa na nguvu hutoka mapema zaidi.

Kadi ya kuvaa shingoni

Mwenye pampu ya kisasa huenda asiwe na mpigo unaohisika kwenye kifundo cha mkono, na mashine ya kawaida ya presha huweza kushindwa kusoma chochote. Muuguzi wa zamu ya usiku ambaye hajawahi kumwona mtu wa aina hiyo anaweza kudhani amepokea maiti. Pelekeni barua ya daktari kwenye hospitali iliyo karibu nanyi kabla ya dharura kutokea, iwe ni Jaramogi, ambayo wengi wetu bado tunaiita Russia, au hospitali ya kaunti ndogo yenu, na mgonjwa avae kadi iliyowekewa plastiki. Ile niliyomwandikia mzee, ili aibebe siku atakapowekewa, inasema hivi:

"Ninatumia pampu ya kusaidia moyo. Usitafute mpigo, weka kifaa chako cha kusikilizia upande wa kushoto wa kifua changu, chini, usikilize kama pampu inavuma. Tazama kidhibiti kilicho kiunoni: taa, kengele na maandishi. Hakikisha nyaya zote mbili zina umeme, na usizitoe zote kwa pamoja. Pima presha kwa Dopla. Ninameza warfarini. Usiniingize kwenye mashine ya MRI. Usikate nguo upande wa tumbo kabla ya kuona waya unapita wapi. Mjukuu wangu anajua kubadilisha betri, mwacheni aingie."